Wale Kumi na Mmoja wa Bulumbi

Busia, Jumamosi, saa kumi jioni

Athieno mwanangu,

Tangazo. Habari hizi ziwafikie Athieno wa hapa nyumbani, shangazi zake wote wa Iyolwa, pamoja na yeyote aliyewahi kushukiwa katika jambo hili: kifuniko cha sufuria ndogo, kilichotoweka tangu Krismasi, kimepatikana leo saa nane mchana nyuma ya sanduku lako la nguo, kikiwa katika hali nzuri. Familia inawashukuru wote walioshiriki kukitafuta. Jirani aliyenuniwa kwa ajili yake ataombwa radhi faraghani.

Nivumilie. Mkono wangu ulijifunza kuandika kwa namna hiyo, na kila nikitaka kusema jambo zito huanza wenyewe. Kabla hujazaliwa nilikuwa na meza moja na taipureta moja karibu na mpaka, na kazi iliyonilisha ilikuwa kuwaandikia watu matangazo ya vifo ya redioni. Mtu anakuja macho mekundu, ananimwagia habari zote kwa mkupuo, mimi nazipanga: nani amefariki, wa wapi, habari ziwafikie akina nani, mazishi lini. Redio ilitoza kwa neno, basi nikajifunza kukata. Nilijifunza pia kwamba watu hawasikilizi tangazo. Wanasikilizia jina lao, wakilikosa wanaendelea na chai.

Umekwenda Iyolwa kuwaaga shangazi zako na najua utachelewa, maana kila mmoja atataka ule kwake. Ndiyo nafasi yangu. Barua hii nitaitia kwenye begi lako, katikati ya zile nguo unazozikunja kama mtu anayekimbia moto, uikute ukishavuka. Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kujihadhari na wanaume wenye maneno matamu sitayagusa. Una miaka ishirini na minne. Mawili ya kwanza unayafanya vizuri kuliko mimi.

Nataka tuzungumze juu ya Jumatatu.

Wiki tatu zilizopita ulinipigia kutoka Nakuru, umetoka tu kwenye usaili, ukipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa akisubiri kopi akageuka kuangalia simu yangu. "Mama! Nimewaambia ile ya watu kumi na mmoja! Wamecheka, bosi amepiga meza!" Ukasema kazi umepata. Ukasema siku ya kwanza wanataka usimame mbele yao uwaoneshe kile kiolezo cha barua cha mama yako, kwa sababu wana wenye maduka madogo zaidi ya mia wanaowaandikia barua pepe za biashara, na wanataka kila duka lipate kichwa cha barua chenye nguvu kama kile. Mimi nikasema, "Vizuri sana, mwanangu." Nikakata simu. Yule mteja aliomba kopi mbili, nikamtolea tano.

Hadithi ya watu kumi na mmoja uliipata kwangu. Mama Bwire wa Bulumbi, anayeuza karanga za kusaga, alikuwa na ndoo kumi zilizokosa mnunuzi. Mama yako akamtungia barua pepe moja, akaituma asubuhi. Kufikia kesho yake jioni watu kumi na mmoja walikuwa wametoka Jinja, Kampala, Kitale, Eldoret, wakaingia Bulumbi kwa miguu yao, na ndoo zikaisha. Kila neno hapo ni la kweli, na hilo ndilo linalonisumbua. Kama ningekuwa nimedanganya waziwazi, mtu angenishika zamani.

Sasa nikuambie nilichokata.

Wakati huo ulikuwa bwenini. Mimi nilikuwa nimeuza taipureta na kununua kompyuta mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikiipa moyo. Hakuna aliyenifundisha barua pepe za biashara. Wateja wangu walikuwa wakifungua barua zao pale dukani, wakiondoka wanasahau kuzifunga, mimi nikabaki nazisoma. Usinikunjie uso. Sikugusa za mapenzi. Nilisoma yale matangazo ya viatu na mikopo ambayo wenyewe walikuwa wakiyafuta bila kuyafungua, nikawa najiuliza: hili limefutwa kwa nini, na lile limefunguliwa kwa nini? Nilikuwa na daftari. Nikagundua kwamba barua hufunguliwa kwa sababu ya mambo mawili tu, nani ameandika na maneno yaliyo juu. Yaliyo ndani, yale waliyoyahangaikia wiki nzima na kuyapamba, yanasomwa na watu wasio na kazi. Nilikuwa miongoni mwao.

Basi akaja Mama Bwire. Unamjua, mfupi, ana sauti inayoweza kumwita mtu aliye shamba la tatu. Akaketi bila kukaribishwa.

"Mama Athieno, karanga zimenijaa ndani mpaka nalala upande upande. Soko limelala. Wanaojua karanga zangu wote wamekwenda mbali."

"Walio mbali wana simu," nikamwambia. "Simu zina barua pepe. Tuwaandikie."

"Anwani zao natoa wapi?"

Nadhani tuliwaza jambo moja kwa wakati mmoja. Siku ya pili akarudi na kitabu kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Kilikuwa kitabu cha wageni cha mazishi ya shemeji yake, yule mwalimu aliyezikwa mwaka uliotangulia. Unajua mambo yetu: wageni wanaotoka mbali wanatia sahihi, jina, wanakotoka, simu. Na katika kitabu kile kulikuwa na safu ya barua pepe. Safu hiyo niliipiga mistari mimi mwenyewe, kwa sababu familia ilitaka kitabu cha kisasa.

"Hawa wote walikula karanga zangu siku ile," akasema, anapitisha kidole juu ya majina. "Walisifu."

"Walikuwa wanalia, Mama Bwire."

"Walilia, wakala, wakasifu."

Nikaketi, nikanakili anwani sitini na tatu kutoka kitabu cha maombolezo, moja baada ya nyingine, na sikumwuliza hata mmoja kama anataka kusikia habari za karanga. Hilo ni kosa la kwanza, na nimelitaja mapema kwa sababu ndilo lililozaa mengine. Watu wale walituachia anwani zao wakiwa na huzuni. Mtu akikupa kitu akiwa katika hali hiyo, amekupa kwa ajili ya hali hiyo.

Kisha nikaja kwenye kichwa cha barua. Niliandika "Karanga mpya za Mama Bwire." Nikakiangalia. Mimi mwenyewe nisingekifungua. Nikaandika "Wahi kabla hazijaisha." Kila tangazo la viatu lilisema hivyo. Nikatoka nje nikasimama mlangoni, nikajiuliza ni maneno gani mtu wa kwetu aliye mbali hawezi kuyapita hata akiwa anaoga. Sikusimama muda mrefu. Nikarudi ndani nikaandika: Njoo nyumbani haraka.

Usidhani sikujua. Hapa ndipo nimekuwa nikikudanganya zaidi ya pengine popote. Kila niliposimulia nilifanya kama maneno yale yalinijia kwa bahati. Athieno, nilikaa kwenye ile meza ya matangazo miaka kumi. Huku kwetu hakuna anayeambiwa kwa simu kwamba amefiwa. Anaambiwa aje. Anaambiwa mgonjwa ameshikwa kidogo, au wazee wanamhitaji, au njoo tu. Naye haulizi ni nani, kwa sababu akiuliza ataambiwa uongo wa huruma, au ataambiwa ukweli akiwa peke yake barabarani. Anakusanya nguo anakuja. Nilijua uzito wa maneno yale kama muuza nyama anavyojua uzito wa mfupa, na niliyatia kwenye mizani makusudi: hilo ndilo kosa la pili. Nilijiambia wakifungua tu wataona karanga, watacheka, watasema huyu mama ana akili.

Wakifungua. Hapo kuna kosa la tatu, na hili ni la ufundi, lakini ndilo lililomaliza kazi. Nilitaka barua iwe nzuri. Nikapiga picha ya bakuli la karanga za kusaga, nikaandika maneno yote juu ya picha ileile kwa herufi za dhahabu: bei, mahali, siku, maneno ya utani, kila kitu. Nje ya picha sikuacha neno hata moja. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza mpaka nikamwita jirani aione. Sikuiangalia kwenye simu ndogo yenye mtandao wa kusuasua. Picha ile ilikuwa nzito kama gunia. Kwa wengi wao haikufunguka kamwe. Walichoona ni jina la aliyetuma, Mama Bwire, Bulumbi, chini yake Njoo nyumbani haraka, na chini ya hapo mraba mweupe usio na kitu.

Niliituma asubuhi. Kesho yake nikapanda boda kwenda Bulumbi nione kama kuna aliyeagiza.

Nilimkuta Mama Bwire anakaanga. Hatujamaliza kusalimiana, tukasikia kilio kinatoka barabarani. Mwanamke ameshuka kwenye pikipiki pale kona, mkono kichwani, leso kiunoni, anakuja analia kama inavyopasa. Alikuwa binamu ya marehemu mwalimu, anaishi Jinja. Mama Bwire akaacha mwiko ndani ya sufuria. Akapiga ukelele naye, akakimbia kumlaki, wakashikana katikati ya uwanja wakalia. Nikajua mmoja wao analia kwa sababu yangu. Sikujua bado kwamba ni wote wawili.

Walilia kama robo saa. Karanga zikaungua. Mwisho Mama Bwire akajifuta uso, akauliza kwa sauti ya upole, "Dada, ni nani?"

"Wewe ndiye uniambie!"

"Mimi nikuambie? Si wewe umekuja unalia?"

"Si wewe umeniita?"

"Nimekuita mimi? Nikuite kwa nini, mtu akiwa hajafa?"

"Basi hakuna aliyekufa?"

"Mimi nilidhani habari umeniletea wewe!"

Wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika mwiko, najaribu kuokoa zilizobaki.

Mpaka saa sita walikuwa wameingia wengine watano, na alasiri wakaongezeka wanne. Majirani waliosikia kilio walikuwa wamekwisha kuleta viti na kuni, na kuna mtu, sijui nani, alikuwa ameinjika sufuria kubwa. Kila aliyefika alisimama getini na uso mrefu, akaambiwa hakuna kitu, ni karanga, akavuta kiti akakaa. Halafu vicheko. Hujawahi kuona vicheko vya namna ile, watu wanashikana mabega. Na wakanunua, mwanangu. Mtu aliyekuja tayari kuzika akikuta hakuna maiti hununua chochote utakachomwekea mbele. Mmoja alibeba ndoo tatu. Mama Bwire aliniambia siku ile, "Mama Athieno, wewe una akili mbaya sana," na akanishika mkono kwa furaha, na mimi nikafurahi.

Mambo yangeishia pale, ningekuwa na hadithi ya kuchekesha ya kukusimulia yote bila kukata. Lakini wa kumi na moja hakuja kwa Mama Bwire.

Nyumba inayofuata, ng'ambo ya ua wa michongoma, anaishi bibi mmoja mjane. Mwanawe Wandera alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni Eldoret, na alikuwa hajaingia kwa mama yake kwa miaka minne; hata kwenye mazishi ya mwalimu alitia sahihi kitabuni, akaondoka. Kulikuwa na maneno kati yake na mama yake, ya shamba, siyajui vizuri. Wandera alipoona Mama Bwire, Bulumbi, hakufikiria mtu mwingine. Jirani wa mama yako akikuandikia njoo haraka, ni mama yako.

Nilimwona kupitia ule ua, jioni, nikiwa nasubiri boda ya kurudi. Amefika na mfuko mkubwa. Mama yake ameketi kwenye mkeka anapepeta mtama. Wandera akasimama pale mlangoni mwa ua, akamwangalia, akamwangalia tena.

"Wandera?" bibi akasema. "Ni wewe? Mbona walia, baba?"

"Vumbi la njia, mama."

"Na hicho ni nini umebeba?"

Wandera akaangalia ule mfuko kama amepewa na mtu mwingine. "Blanketi," akasema. "Nimekuletea blanketi."

Bibi akafungua, akachambua. Chini ya blanketi kulikuwa na shuka mbili, nyeupe, mpya, bado zimekunjwa za dukani. Unajua shuka nyeupe mpya mtoto wa kiume anazibeba kwenda wapi. Bibi akaipitishia moja kiganja, akasema, "Nyeupe hivi! Mimi nitaiweza wapi? Itachafuka." Na Wandera akasema, "Haichafuki, mama. Lalia tu."

Kisha akaja kwangu. Alikuwa ameambiwa ni nani mwenye ile barua, akanisemesha kwa heshima.

"Nyabo, ni wewe umeandika imeili?"

Nikasema ndiyo. Akatoa simu, akanionesha: kichwa cha barua, na ule mraba mweupe. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya. Akanieleza kwamba alipoisoma alikwenda kwa mwalimu mkuu akamwambia mama yake amefariki. Wanafunzi walisimamishwa mstarini wakamwombea. Wenzake wa jikoni walimchangia rambirambi, na ndizo zilizonunua blanketi na shuka. Wawili kati yao walikuwa wanakuja Ijumaa kwenye mazishi, wamekwisha kuomba ruhusa.

"Sasa mimi narudi nawaambia nini?" akauliza. "Mama amefufuka?"

"Waambie ukweli," nikasema.

"Ukweli gani, dada? Kwamba niliitwa na karanga?"

Usiku uleule aliwapigia wale wawili akawaambia wasije, mazishi yameharakishwa kwa sababu ya mambo ya ukoo. Alimzika mama yake kwa simu, naye yuko nyuma yake anaimba wimbo wa kanisani akitandika shuka. Hakurudi Eldoret. Angewezaje kupika uji mbele ya watu waliomlilia? Sasa anapaka rangi nyumba za watu Tororo, na kazi yake ni safi, lakini alikuwa mpishi mkuu na alikuwa akiipenda ile kazi. Nilimwomba msamaha. Akasema hakuna shida. Unaijua hakuna shida ya namna ile.

Na bibi? Bibi yuko hai mpaka leo, na kila nikipita Bulumbi hunishika mikono miwili. "Mama Athieno, barua yako ilinirudishia mtoto." Hunipa viazi vitamu. Nimevipokea miaka yote hii, na wewe umevila. Hajui, na Wandera amenikataza kumwambia. Pengine ndicho kitu kizuri pekee kilichotoka mle, na hakikuwa kwenye mpango wangu, kwa hiyo siwezi kujisifia.

Sasa utauliza, ilikuwaje mimi nikaisimulia kama ushindi? Haikuwa siku moja. Kesho yake watu walikuja dukani wakitaka kusikia ya wale kumi na mmoja, na nilipofika kwenye sehemu ya Wandera nikaona nyuso zinabadilika, basi mara ya pili nikamruka. Mara ya tatu nikakiruka kitabu cha maombolezo. Kile kilio cha mwanamke wa Jinja nilikiacha kwa muda kwa sababu kinachekesha, halafu nikaona kinaleta maswali, nikakitoa nacho. Nilikata kama nilivyozoea kukata, neno moja moja, mpaka ikabaki habari fupi ya kuvutia. Ulipofunga shule ukarudi nyumbani, ilikuwa tayari imenyooka, nami nikakupa. Uliipenda. Uliomba nikuoneshe nilivyopanga barua ile, tukakaa wote kwenye kompyuta, bega kwa bega, na hapo ndipo ulipoanza kuipenda kazi hii unayoiendea. Ungekuwa mimi, ungekata furaha ile kwa habari za shuka?

Mimi sikuweza. Leo naweza kwa sababu unaondoka na sitauona uso wako ukisoma. Ni ujasiri wa bei rahisi, naukubali.

Kuhusu kazi yenyewe sina mengi, na utakutana na watu wanaoijua kuliko mimi. Nitakuambia tu ninavyofanya tangu siku ile. Kichwa cha barua nakiandika mwisho, baada ya yote, na kinasema kilichomo ndani. Maneno yanakaa kama maneno, picha inakaa kando yake, ndogo, na ikikataa kufunguka barua inabaki na maana. Barua moja, jambo moja: Mama Bwire alitaka siku moja kuchanganya karanga, omena wa Majanji na mjukuu wake anayetafuta kazi, nikamwambia hizo ni barua tatu, na ya mjukuu sitaituma. Mstari wa mtu kujitoa kwenye orodha nauweka juu, penye macho, siyo kule chini kwa herufi za sisimizi. Na kabla sijatuma najitumia mwenyewe, natoka nje mpaka pale nyuma ya choo ambapo mtandao ni mbaya kuliko kwingine kote, naisoma nikijifanya mtu aliye mbali na kwao ambaye hajapigiwa simu na nyumbani kwa mwezi mzima. Ikinishtua, naifuta.

Huyo mtu aliye mbali, kuanzia kesho, ni wewe. Ndiyo maana siwezi kulala na jambo hili tumboni. Najua nitakavyokuwa. Kuna wiki utakuwa na kazi nyingi hutapiga, na mimi nitakuwa hapa na maneno matatu ninayoyajua, ambayo nimeyajaribu na yanafanya kazi. Nakuahidi sitayatumia. Nikikukosa nitaandika nimekukosa. Nikiwa na homa nitaandika nina homa, siyo kali, usije. Na siku mtu akifa nitakuandikia jina lake, amefariki, mazishi siku fulani, kinyume cha adabu zetu zote, na shangazi zako wataniita mtu asiye na moyo. Waache. Ukiona kwangu maneno yasiyo na jina la marehemu, ujue hakuna marehemu, maliza kazi yako.

Sasa Jumatatu. Unaweza kusimama mbele yao ukakionesha kile kiolezo. Watapiga meza tena. Kitatumwa kwa niaba ya maduka mia, kwa watu wengi walio mbali na kwao, na mahali fulani kutakuwa na mtu atakayenunua shuka. Au unaweza kuwaambia yaliyotokea Bulumbi, yote, pamoja na kitabu cha maombolezo, na jina langu ulitaje, usiseme ni mama wa rafiki yako. Huenda wakaona umewadanganya kwenye usaili. Wewe hukudanganya. Ulidanganywa, ukasimulia kwa moyo safi, na mimi nipo tayari kusema hivyo kwa simu kwa yeyote atakayetaka. Sitakuchagulia. Nimekuchagulia vya kutosha kwa kukaa kimya wiki tatu. Lakini nisingependa mtoto wangu aanze kazi kwa kosa langu, akilidhani ni urithi.

Ukiwaambia, bosi wako atataka kujua nilifanya nini baada ya hapo, na hapo usimpambie. Mwambie mama alichukua zile anwani sitini na tatu, akamwandikia kila mmoja kumwomba radhi na kumwuliza kama anataka kubaki kwenye orodha. Tisa walikubali. Mwambie akatengeneza kiolezo kipya, chepesi, cha ukweli, kinachofunguka hata nyuma ya choo, na kichwa chake kilisema: Karanga za kusaga za Mama Bwire, Alhamisi, stendi ya Busia. Atakuuliza kilifunguliwa na watu wangapi, maana programu huhesabu.

Wanne. Mmoja nilikuwa mimi.